Huzuni Waliikuta Ipo: Hotuba Yangu ya Jumamosi Kuhusu Granji na Watoto Wetu

Kwa wale ambao hamkufika Jumamosi (najua, mvua, na wengine shifti), mmenipigia simu sana mnataka kujua nilisema nini kuhusu granji, ule muziki wa roki wa Seattle. Nimekaa nimeiandika yote karibu kama ilivyotoka mdomoni. Zile picha za ukutani nimeziacha, hazina kazi kama sipo pembeni nanyoosha kidole.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Naona wamejibu wawili, wengine mko kwenye simu, sawa, nitawafikia.

Mwenyekiti kanipa dakika 40 na kaniambia pilau linatoka saa 8 kamili, kwa hiyo atakayenikatisha hapa si yeye, ni pilau.

Niwaambie kwanza kwa nini niko hapa mbele. Mwezi uliopita, humu humu kwenye huu ukumbi wetu wa Kent, hapa karibu na Seattle, mama mmoja alinivuta pembeni akanionyesha simu yake. Picha ya mwanawe. Mtoto kavaa tisheti nyeusi, kifuani kuna uso wa njano wa duara, macho yake ni alama za kukosa kama zile mwalimu alizokuwa anakuwekea kwenye daftari la hesabu, ulimi umetoka nje. Yule dada akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kaka, hii si ya Frimasoni hii?"

Msicheke! Mnacheka nini, nusu yenu humu mmeshajiuliza hilo swali usiku mkiwa peke yenu. Nikamwambia dada yangu tulia, hiyo ni bendi inaitwa Nirvana, na wala siyo bendi ya mbali, walioianzisha wametokea hapa hapa jimboni kwetu Washington. Mji waliotokea unaitwa Aberdeen, ukiingia kwenye gari sasa hivi unafika kabla pilau halijaisha. Akashangaa sana. Miaka 11 anakaa hapa na hakujua. Ndo nikasema basi, hili jambo linataka kusemwa mbele za watu.

Mimi nilitua hapa mwaka 1991 mwezi wa 8, nimetoka Tanga na begi moja na barua ya chuo. Masomo asubuhi, usiku naosha vyombo kwenye mgahawa pale Belltown, katikati ya Seattle. Nimekuja na kaseti zangu za taarabu na za dansi, najua muziki ni nini, mtu asinifundishe. Jikoni nikamkuta kijana wa kizungu, miaka 19, mwembamba, nywele hazijui kitana, yeye anakwangua sahani mimi napanga kwenye mashine. Juu ya rafu ya sabuni ana redio kaseti yake. Akibonyeza ile kitu, jamani, mimi nilidhani mashine ya vyombo imevunjika. Wenyewe wanaandika grunge, sisi watu wa jikoni tulikuwa tunasema granji, na nitasema granji hivyo hivyo mpaka mwisho.

Sasa swali langu kwa wazazi ni hili, na nitalirudia mpaka mlichoke. Ule muziki ndo uliwaletea vijana huzuni? Au huzuni waliikuta ipo?

Twende Aberdeen kwanza. Ule ni mji wa magogo. Magogo, viwanda vya mbao, meli, basi. Mbao ikiwa na bei mji unacheka, mbao ikilala mji mzima unalala. Kufika miaka ya 80 viwanda vinafunga kimoja baada ya kingine, wanaume waliozoea kupokea mshahara wa maana wamekaa nyumbani wanaangalia mvua. Na mvua ya kule mnaijua, siyo ya masika ya kwetu inayopiga ikaisha jua likatoka, hii ni manyunyu ya miezi, inakaa juu ya kichwa chako kama deni.

Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, kazaliwa huko mwaka 1967. Akiwa na miaka 9 wazazi wakaachana. Kuanzia hapo mtoto akawa wa kuhamishwa, kwa baba, kwa mama, kwa ndugu, kwa rafiki. Humu ndani kuna watu wamelelewa hivyo, mimi mmojawapo, leo kwa shangazi kesho kwa bibi, na wote wanakupenda lakini godoro lako liko mkao wa kukunjwa. Alipofika miaka 14 mjomba wake akamwambia chagua zawadi, baiskeli au gitaa lililotumika. Akachukua gitaa.

Halafu sikilizeni hii. Mwaka 1983, kijiji jirani kinaitwa Montesano, kuna bendi ya vijana inaitwa the Melvins. Hawana ukumbi. Nani awape ukumbi? Wakapiga shoo kwenye maegesho ya magari nyuma ya duka la vyakula, Thriftway, duka ambalo mmoja wao alikuwa anafanya kazi humo humo. Yaani mtu anapanga makopo ya maharage mchana, jioni anachomeka gitaa nje ya mlango wa kupokelea mizigo. Kurt alikuwepo kwenye kile kikundi cha watoto waliosimama kwenye lami wanaangalia. Baadaye aliandika kwenye daftari lake kwamba pale ndipo alipokiona kitu alichokuwa anakitafuta.

Maegesho! Nyuma ya duka! Mzazi aliyepita pale na toroli la manunuzi siku ile aliona nini? Aliona kelele.

Na mjini Seattle kwenyewe mambo hayakuwa tofauti sana. Bendi kubwa za dunia zilikuwa zinaruka huu mji, kuja mpaka kona hii ya Marekani ni safari ndefu na hela ndogo. Na mwaka 1985 halmashauri ya jiji ikaweka sheria ya madansi ya vijana, ukitaka kufungua dansi la watoto wa chini ya umri uwe na bima ya dola milioni 1 na ulipe polisi wa kulinda. Nani ana dola milioni 1 kwa ajili ya watoto 80 wa kurukaruka? Nia yao ilikuwa kulinda watoto, sisemi walikuwa na roho mbaya, ila mlango ulifungwa, na ulikaa umefungwa mpaka 2002. Kwa hiyo watoto wakaenda wapi? Gereji. Vyumba vya chini ya nyumba. Ukimfungia mtoto mlango wa ukumbi hafungui Biblia, anatafuta gereji.

Nataka pia niseme kitu ambacho hamtakikuta kwenye tisheti. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kupiga huu muziki Seattle alikuwa mwanamke mweusi. Anaitwa Tina Bell, bendi yake Bam Bam, walianza 1983, wakati Nirvana haijazaliwa. Mpiga drams wake wa mwanzo, Matt Cameron, ndiye huyo huyo aliyekuja kupiga Soundgarden na baadaye Pearl Jam, bendi mbili kubwa za granji, mkitaka kujua uzito wa ile bendi pimeni hapo. Tina alifariki 2012, watu wengi hawamjui. Mwaka huo huo mwanawe, T.J. Martin, alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya maisha halisi. Mabinti zangu mliokaa kule nyuma, mkirudi nyumbani mtafuteni Tina Bell mumuone amesimama na maikrofoni, halafu mtu aje awaambie roki ni ya wazungu.

Sasa ilivyolipuka, hapo nitapita haraka maana ni stori ya biashara. Kulikuwa na lebo ndogo ya kutoa muziki hapa mjini inaitwa Sub Pop, jamaa wawili, Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, hela hawana ila mdomo wanao. Waliuza tisheti imeandikwa LOSER kifuani, yaani mtu aliyeshindwa maisha, na vijana wakaigombania. Fikirieni. Sisi tunamvalisha mtoto tisheti ya chuo kikuu ambacho hajaingia, hawa wanalipa hela waandikwe wameshindwa. Nirvana walirekodi albamu ya kwanza kwa dola 606 na senti 17, ikatoka 1989, na hata hizo hela alitoa rafiki yao mmoja, Jason Everman, kwenye albamu yenyewe hakupiga kitu ila kwenye jalada yupo, nywele zimemfunika. Huyo baadaye akaenda zake jeshini akawa komando. Kila bendi ina mtu wa hivyo.

Septemba 24, 1991 ikatoka ya pili, Nevermind. Kampuni kubwa sasa, lakini na wao hawakuwa na matumaini sana, kwa Marekani nzima walipeleka madukani kopi kama 46,000 tu. Miezi minne haijafika, Januari 1992, imempindua Michael Jackson namba 1. Michael! Sisi tuliokulia Tanga tukimuiga Michael kwenye sherehe za shule, tukirudi nyuma kwa raba mpaka zinatoboka, mtu akikuambia kuna watoto wa magogo wamemtoa Michael kileleni unamuuliza amekunywa nini. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wanarudisha madukani CD walizopewa na wazazi zawadi ya Krismasi, wanachukua Nevermind. Hiyo sikuiona kwa macho. Nilichoona kwa macho ni yule mwenzangu wa jikoni kuja kazini Januari ile kifua mbele kama kashinda ubunge, halafu baada ya wiki mbili kaanza kununa. Nikamuuliza vipi tena? Akasema sasa hivi hata wale waliokuwa wananipiga shuleni wanaisikiliza.

Hiyo sentensi nimekaa nayo miaka zaidi ya 30.

Basi ngoja niwaeleze ule muziki wenyewe unafanyaje kazi, kwa sababu mnausikia kupitia ukutani kwa mtoto na kupitia ukutani hauelezeki. Mpiga gitaa analegeza ule waya mnene wa juu mpaka sauti inakwenda chini kama mtu mwenye kifua. Anapitisha kwenye pedeli ya mguu inayokwaruza sauti. Beti linaimbwa taratibu, karibu kunong'ona, maneno nusu hayasikiki, halafu kiitikio kinalipuka. Kimya, mlipuko. Kimya, mlipuko. Sasa niambieni, mtoto wa miaka 15 nyumbani kwako anakaaje? Si hivyo hivyo? Siku tatu "sijambo", "ndiyo", "sawa", ya nne mlango umebamizwa mpaka picha ya babu imeanguka. Ule muziki umetengenezwa kwa umbo lake.

Mimi kilichonifungua macho ni taarabu. Mnajua ukumbini kwenye taarabu, bibi mtu katulia na baibui lake, anakula ubani, ghafla mwimbaji anagusa ubeti, na ule ubeti ni wa kwake, ni wa mume wake, ni wa mke mwenza, anainuka na noti mkononi anakwenda kutunza, na kila mtu ukumbini anajua hapa kuna jambo. Hajamwambia mtu shida yake. Kaimbiwa. Kutunza ndo kusema. Usiku mmoja yule kijana akanipeleka kilabu, mimi nimesimama karibu na mlango nimeshika koti, nikaona watoto wanapanda jukwaani wanajirusha juu ya watu, wanabebwa na mikono mpaka nyuma. Nikasema hawa wamerogwa. Halafu ikanijia pale pale, la, hawa wanatunza. Hawana noti, wanatunza na mwili.

Ngoja niwape na ya Pearl Jam, maana hii ndo ningetaka mkae nayo hata kama mengine yote mtayasahau kwa ajili ya pilau. Eddie Vedder, mwimbaji, alikuwa San Diego, analinda kituo cha mafuta zamu ya usiku. Akaletewa kaseti kutoka Seattle, ina magitaa tu, haina sauti ya mtu, kama anaweza aimbie. Akaenda kuteleza na mawimbi baharini, akarudi, akaimba, akatuma kaseti. Kwenye ule mmoja unaoitwa Alive alikuwa anasimulia jambo lake mwenyewe. Alikulia akidhani mume wa mama ndiye baba. Akiwa kijana ndo anaambiwa huyu siye, baba yako ni yule mtu mwingine uliyekuwa unamuona kama rafiki wa familia, na ameshakufa. Mnaelewa hiyo? Kwetu haya yapo, tena mengi, tunayaita mambo ya wakubwa. Akaandika kiitikio kwamba bado yuko hai, na mwenyewe akaja kueleza miaka mingi baadaye kwamba alipoandika, yale maneno kwake yalikuwa laana. Niko hai bado, balaa gani hili.

Sasa kilichotokea ni nini? Watoto hawakukisikia hivyo. Watoto elfu kumi, elfu ishirini wanaimba kile kiitikio kwa nguvu zote, mikono juu, wanaruka, kwao ni furaha. Niko hai! Bado nipo! Na yeye anasema ni wale watu waliogeuza maana ya ule wimbo, laana ikaondoka.

Mmesikia? Si mwimbaji aliyewaponya watoto. Watoto walimwondolea mwimbaji laana yake. Ndo maana mtu akiniambia hawa wasanii waliwaharibu vijana mimi namuuliza, nani alikuwa anamfanya nani?

Na wale wasanii wengine waliwaheshimu mashabiki zao, hilo tuliseme. Mwishoni mwa 1992 Nirvana walitoa albamu, ndani ya karatasi yake Kurt akaandika kwamba kama kuna shabiki anachukia mashoga, au watu wa rangi nyingine, au wanawake, basi awaachie nafasi, asije kwenye shoo zao, asinunue kazi zao. Mimi mtu mweusi naosha vyombo, nilipotafsiriwa hiyo karatasi jikoni nilikaa kwenye ndoo. Ni msanii gani mnamjua anakataa hela ya mteja? Pearl Jam nao 1994 waligombana na kampuni kubwa ya tiketi wakitaka mtoto alipe chini ya dola 20, wakaenda mpaka Bunge la Marekani kutoa ushahidi. Walishindwa. Serikali ilifunga uchunguzi mwaka uliofuata, na bei za tiketi za leo mnazijua, msiniulize.

Hapo katikati wakaja watu wa nguo. Hii nitaisimulia kwa raha zangu.

Wale vijana walikuwa wanavaaje? Shati la flaneli la drafti, la wakata miti, kwa sababu huku baridi na hilo ndilo lililojaa kwenye maduka ya mitumba. Eeh, mitumba! Mnadhani mitumba ni ya Karume na Gikomba tu? Walikuwa wanavaa mitumba kama sisi, kwa sababu ile ile, hela hakuna. Jinzi imechanika kwa sababu imechanika. Sasa Novemba 1992 mbunifu mmoja mkubwa New York, Marc Jacobs, akapandisha jukwaani mashati ya hariri yaliyochapwa yafanane na flaneli. Hariri! Kampuni aliyokuwa anaifanyia kazi ikamtimua. Nguo nyingine alimtumia Kurt na mkewe, na mke, Courtney Love, alikuja kusema walizichoma.

Mwezi huo huo gazeti la New York Times likataka kamusi ya maneno ya vijana wa granji. Mwandishi akapiga simu Seattle, akaelekezwa kwa dada mmoja, Megan Jasper, aliyewahi kuwa mapokezi pale Sub Pop. Ni sawa na mtu wa gazeti la Ulaya akupigie simu Manzese akuulize vijana wenu wanasemaje. Yule dada kamusi haipo, akaanza kutunga palepale kwenye simu. Jinzi iliyochakaa akasema tunaiita wack slacks. Kukaa kijiweni akampa msemo wa ajabu ambao kwa Kiswahili ni kama ungesema "kubembea kwenye ndara". Anatunga kila neno ovu kuliko lililotangulia, anasubiri mwenzake acheke waishie hapo. Mwenzake anaandika! Likachapwa Novemba 15, 1992, gazeti kubwa namna ile, kamusi nzima ya uongo. Jikoni kwetu tuliitumia miezi sita, bosi hajui tunamsema. Na yule dada? Baadaye sana ndo akawa mkurugenzi mkuu wa hiyo Sub Pop.

Nacheka, lakini angalieni jambo hapo. Watu wazima walipoamua hatimaye kuwasikiliza hawa watoto, walisikiliza nini? Nguo na maneno. Hakuna aliyeuliza mbona mnapiga kelele.

Sasa naingia mahali pagumu. Vijana weka simu chini kidogo.

Heroini ilikuwepo. Sitawadanganya. Andrew Wood, mwimbaji wa Mother Love Bone, alikufa Machi 1990, ana miaka 24, kabla hata dunia haijajua Seattle iko wapi. Layne Staley wa Alice in Chains alikufa 2002 baada ya kuimba juu ya huo ugonjwa wake wa heroini miaka kumi, wazi wazi, na watu tukapiga makofi. Mimi hapo nawalaumu watu wazima waliokuwa wanakula kwa jasho lake, mnisamehe.

Na Kurt. Ijumaa, Aprili 8, 1994, redio zikasema amekutwa nyumbani kwake amekufa, amejitoa uhai siku tatu kabla. Miaka 27, ana binti hajafika hata miaka 2. Niko kazini. Yule mwenzangu hakupiga kelele, hakulia. Alizima redio yake pale kwenye rafu ya sabuni, akaendelea kukwangua sahani, ile ile moja, mpaka nikamshika mkono. Nikamchemshia chai, ya kwetu, na tangawizi, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine chochote.

Jumapili tukaenda wote kwenye maombolezo yake, pale Seattle Center. Watu kama 7,000, wengi watoto, wamevaa yale mashati. Wakapiga mkanda ambao mkewe alijirekodi anasoma barua aliyoacha, na huku anasoma huku anamtukana, analia anamtukana, anawaambia wale watoto wamwambie kwamba alichofanya ni upumbavu. Mimi nimekulia kwenye misiba ambapo marehemu hasemwi vibaya, nilishtuka. Lakini nikaangalia pembeni yangu nikaona yule kijana ndo sasa analia. Ilibidi mtu akasirike kwa niaba yake. Na kabla hatujaondoka akapanda mtu wa simu ya msaada ya hapa mjini, akawaambia watoto uchungu huu una mahali pa kuupeleka. Baadaye watoto wakaingia na nguo zao kwenye ile chemchemi kubwa, wakawa wanaimba wanalowana, polisi wakawaacha.

Watu wazima waliogopa sana wiki ile. Kila gazeti, watoto watamfuata, watoto watamfuata. Watafiti wakaja kuziangalia takwimu za hapa hapa King County, kaunti hii tuliyokaa. Lile wimbi lililotabiriwa halikuonekana. Kilichopanda ni simu. Simu za kuomba msaada ndizo zilizoongezeka. Watoto wale mliowaona wamepotea, wamevaa LOSER kifuani, waliposhikwa walipiga simu. Walikuwa na akili kuliko tulivyowapa.

Kwa hiyo namba niwape, na sitaki mtu aone aibu kuiandika: 988. Tatu tu, usiku na mchana, hapa Marekani kote. Kuna kijana humu ataiandika akijifanya anajibu meseji. Andika, mwanangu.

Ule muziki ndo ulileta huzuni? Miji ya mbao ilishakufa, baba walishaondoka, milango ya kumbi ilishafungwa. Waliikuta ipo. Walichofanya ni kuipa gitaa.

Na wetu je? Huyu mtoto wa tisheti ya njano kaja hapa ana miaka 6, lugha nyumbani moja, shuleni nyingine, mama shifti mbili, baba yuko Dar anatuma sauti za WhatsApp siku ya Idi. Halafu tunauliza tisheti imetoka wapi. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeshasikia harufu, nimeshasikia, nashuka.

Hapo ndo niliishia, ila yaliyofuata wengi hamkuyaona kwa sababu mlikuwa kwenye foleni ya sahani. Yule mtoto mwenyewe alinifuata. Akaniuliza kama bado ninayo ile kaseti ya jikoni. Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa koti, yule mwenzangu aliniachia alipohama mji 1996, jalada limepauka na kona moja imeyeyushwa na mvuke wa mashine ya vyombo. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza, "Anko, hii inachomekwa wapi?"

Mama yake akaja na sahani mkononi, akauliza hiyo ndo ile bendi ya tisheti? Mtoto akasema ndiyo mama, akatoa simu, akachomoa spika moja ya sikioni akampa, nyingine akabaki nayo. Wakasimama hivyo pale karibu na masufuria. Mama kijiko kiko hewani, kaminya macho kama mtu anayesoma maandishi ya dawa.

"Mbona anaimba kama ana mafua?" akasema. Halafu baada ya kidogo, "Hapo anasema nini?"

"Hata mimi hapo sipasikii, mama."

"Rudisha nyuma," akasema.